Mashua inayokwenda mrama ikiwa imetia nanga

Ndugu yangu, umeeleza kwamba unaishi Nairobi, mashua yako ya mita 5 iko Naivasha, na kila alasiri upepo unapoanza inalala huku na huku hadi wageni wako wanatapika wakati wa kuvua.

Kabla ya kununua chochote, kagua ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua ambapo maji hukusanyika. Maji machache yaliyotuama humo hukimbilia upande ulioinama na kuongeza mwinamo, kwa hiyo yakaushe kwanza. Kisha hesabu sekunde ambazo mashua hutumia kulala upande mmoja, kwenda wa pili na kurudi, ulinganishe na muda kati ya wimbi na wimbi. Vipindi hivyo vikikaribiana, kila wimbi huisukuma tena kwa wakati wake, kama mtu anayesukuma bembea. Nanga ya pili kutoka tezi (nyuma ya mashua), inayoelekeza omo (mbele yake) kwenye mawimbi, huenda ikatosha.

Isipotosha, toa mti imara ubavuni na uning'inize bamba chini kabisa ya uso wa maji, lenye uzito upande mmoja ili lizame kwa urahisi lakini lipinge kuvutwa juu. Kadiri linavyokuwa mbali na ubavu ndivyo linavyofanya kazi zaidi. Ngalawa za pwani hutumia kanuni inayofanana. Liondoe kabla ya kuwasha injini.

Kuhusu mifuko ya mchanga uliyokusudia kupakia, mimi singeharakisha: farumi nyingi (uzito unaopakiwa ili kutuliza chombo) chini kabisa huifanya mashua irudi kwa mshtuko, na tumbo la mgeni halipendi hilo.