Mkuu, simenti isiguse huo ukuta wa mawe wa Bagamoyo

Mkuu, mwambie huyo fundi asimame kwanza. Leo, siyo kesho. Umeuliza mambo mengi kuhusu nyumba ya bibi yenu hapo Bagamoyo, mawe yaachwe wazi yaonekane au yafunikwe, rangi gani inapendeza, sakafuni muweke marumaru gani, halafu katikati ukatupia kama jambo dogo tu eti ukuta una unyevu chini, kwa hiyo fundi kasema mtaanza na plasta nzito ya simenti ndani na nje "kuufungia". Hapo ndipo roho iliponiruka.

Nyumba ya mawe ya matumbawe HAIPIGWI SIMENTI. Ndani usipige, nje usipige, hata kiraka usiweke.

Jiwe lile siyo tofali la bloku. Ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, lina matundu matundu na linakunywa maji. Linanyonya kutoka ardhini, linanyonya mvua ya masika, linanyonya bomba la choo linalovuja, na wazee walilijua hilo ndo maana walijengea chokaa na udongo mwekundu, wakapiga chokaa juu. Chokaa inapumua. Maji yakiingia yanapata njia ya kutoka, jua likiwaka ukuta unakauka, maisha yanaendelea. Simenti ngumu, imebana, tena ukuta ukicheza kidogo tu inapasuka nyufa nyembamba, mvua inaingia kwenye ufa halafu haitoki. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda juu zaidi, yamebeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya plasta inafanya chembe chembe zinazovimba na kusukuma. Na ule udongo ulioshika mawe ukilowa mwaka mzima unarudi kuwa tope.

Sisi yametukuta, nyumba ya mama, Mji Mkongwe Unguja. Fundi alikuja na maneno matamu, chokaa mambo ya kizamani, chokaa ya wasio na hela, simenti ndo chuma. Muuza duka la vifaa naye akakazia, akatuuzia dawa ya kuzuia maji ya kuchanganya humo humo na rangi ya mafuta ya kumalizia. Nyumba ikang'aa, kila anayepita kichochoroni anasifia. Masika yaliyofuata unyevu uliokuwa usawa wa magoti ukafika kifuani, ukapita madirisha. Rangi ikafanya malengelenge, ukibonyeza unatoka unga mweupe, ukionja ni chumvi kabisa. Kisha kipande cha plasta, kikubwa kama mlango wa kabati, kikadondoka chenyewe usiku. Asubuhi nikakigeuza. Kimeng'oka na ngozi ya jiwe! Vile vinyota vya matumbawe unaviona vimeganda nyuma ya simenti, ukutani pamebaki panamomonyoka, na ukiingiza kidole kati ya mawe unatoka udongo mwekundu laini kama umekandwa jana.

Na hiyo plasta ndo ilikuwa hasara ndogo. Kilichotumaliza ni BORITI. Vichwa vya boriti vimelala ndani ya ukuta, mkuu. Ukuta ukiwa mkavu boriti ya mkoko inazika vizazi, lakini ukuta uliolowa bila kupumzika unaozesha kichwa huko huko ndani wakati sehemu unayoiona chumbani nzima, ngumu, ukigonga inalia vizuri. Hakuna aliyejua mpaka dari la chumba cha mama lilipoanza kushuka upande mmoja. Tukaegesha nguzo, mama akahamishwa kwa dada, boriti za chumba kizima zikatolewa pamoja na lile tabaka la mawe na chokaa lililo juu yake, na lile tabaka ni zito, haligusiki na vibarua wawili. Pesa iliyokwenda pale ingepiga chokaa nyumba nzima kuta zote na chenji ingebaki. Fundi kuulizwa anajibu "ukuta wenu ulikuwa mbovu toka zamani". Mbovu! Ukuta uliomlea bibi na mama yake bibi, yeye kaukuta umesimama kauacha unaoza, halafu mbovu ni ukuta. Wajifunze zege zao wakajenge ghorofa za zege, za mawe wawaachie wanaozijua.

Tena wewe uko Bagamoyo, huna kisingizio. Chukua bodaboda nenda kwenye magofu ya Kaole, kaguse zile kuta za msikiti na makaburi, tunazungumzia kuanzia karne ya 13. Kilwa Kisiwani ule Msikiti Mkuu una matao na kuba za mawe ya matumbawe, chokaa tupu, hapo hakuna mfuko wa simenti uliowahi kuingia wakati unajengwa.

Hilo la kuacha mawe wazi, nje usithubutu. Mawe ya ukutani ni vifusi visivyochongwa, waliyapanga wakijua yatavikwa chokaa, ukiyavua unayaacha mvua iyale. Jiwe la kuonwa walikuwa na lao, matumbawe laini yaliyotolewa baharini, yanachongwa yakiwa bado mabichi kisha yanakauka kuwa magumu. Nenda msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani, huko Unguja, kwenye mihrabu uone maandishi ya Kufi, mwandiko wa Kiarabu wa kale, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, jinsi herufi zilivyosimama, utalipenda hilo jiwe maisha yako yote. Ndani, kwenye ukuta mkavu usiopigwa mvua, unaweza kuacha sehemu wazi, viungo vijazwe chokaa na mchanga, na usipake vanishi, maana vanishi nayo inafunga kama simenti tu.

Unyevu unatibiwa unakotoka. Angalia gata za paa, angalia bomba la bafuni, angalia kama barabara au uwanja umeinuliwa ukawa juu kuliko sakafu yako maana hapo maji yote yanakuja kwako. Kama kuna simenti ya zamani iondolewe taratibu kwa tindo na nyundo ndogo, mashine itatoka na mawe. Halafu ukuta uachwe uchi kiangazi kizima ukauke, usikubali kuharakishwa. Chokaa iwe iliyozimwa kwa maji na kurowekwa wiki nyingi, mchanga usiwe wa pwani kwa sababu una chumvi, ukuta ulowanishwe kabla, tabaka jembamba jembamba, kila moja likilindwa na jua kali lisikauke ghafla, kwa sababu chokaa inakaza polepole kwa kuvuta hewa mpaka inarudi kuwa jiwe. Juu yake paka chokaa tena, siyo rangi ya mafuta wala ya plastiki.

Kama mifuko ya simenti imeshanunuliwa irudishe dukani, wakikataa jengea karo. Na kabla hujamlipa huyo fundi chochote muulize akuonyeshe nyumba moja ya mawe aliyoipiga chokaa kwa mkono wake, ukaione mwenyewe baada ya masika. Akianza kucheka chokaa, mpe nauli yake aende. Umeshamlipa advansi au bado?