Kwa anayetaka kazi za uvuvi: jifunze barafu kabla ya nyavu

Mdogo wangu uliyeuliza kwamba umemaliza form four, unapenda mambo ya uvuvi ila hujui ujifunze nini, mi nimekaa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, huku Ukerewe miaka tisa, ngoja nikwambie nilichokiona.

Watu watakwambia ujue kuogelea na kuvuta nyavu, sawa, kuogelea ni lazima kabisa. Ila kitakachokulipa ni kujua kumtunza samaki akishatoka majini. Safari yangu ya pili ya kukusanya mzigo nilipakia sangara kilo mia nne, barafu nikaipunguza ili samaki wengi waingie, katikati ya ziwa injini ikaanza kuzingua plagi, tukafika saa tano badala ya alfajiri. Mkaguzi wa kiwanda akafunua shavu la samaki wa kwanza, wekundu umeshakuwa kahawia, akabonyeza kidole mgongoni na lile shimo likabaki vilevile, halikurudi. Hakusema kitu, akasukuma kreti pembeni. Karibu nusu ya mzigo niliwauzia wakaushaji kwa bei ya kutupa na deni la tajiri nikalilipa miezi minne. Tangu siku ile kwangu ni kilo ya samaki kwa kilo ya barafu, chini, katikati na juu.

Kwa hiyo jifunze na injini, hata kufungua plagi tu na kuisafisha. Jifunze kushona nyavu. Na rula uitumie kweli, sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, usimpokee hata kama aliyemleta ni shemeji yako, maana huyo hajazaa bado.

Ukiangukia kwenye dagaa ujue kuhesabu mwezi, taa zinavuta dagaa siku za giza, mbalamwezi ikitoka watu wanaanika nyavu, na hela ya giza ndo hiyohiyo utakula mpaka giza lingine, hapo daftari linakusaidia kuliko misuli.

Chuo kipo, FETA (Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi) wana kampasi Nyegezi hapa Mwanza, Mbegani Bagamoyo na Kibirizi Kigoma. Mi nilisoma baada ya ile hasara ndo nikaelewa bakteria wanavyozaliana kwenye joto. Ila kabla hujaomba nafasi, kakae mwaloni mwezi mzima, muone mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi pale mwaloni, akuunganishe na watu wa mizani na barafu. Kama uko upande wa Mwanza sema, nikuelekeze pa kuanzia.