Kipindi cha kujifunzia mahojiano marefu

Mkuu, umeuliza usikilize kipindi gani ili ujue kumhoji mtu maarufu redioni bila mahojiano kugeuka wasifu wa kusomewa. Anza na Desert Island Discs ya BBC. Roy Plomley alikianzisha mwaka 1942, akakiendesha hadi alipofariki mwaka 1985. Mgeni anaambiwa ajione yuko peke yake kisiwani, achague nyimbo 8, kitabu na kitu kimoja cha anasa.

Nguvu yote iko kwenye nyimbo. Mwanasiasa ukimuuliza utoto wake ulikuwaje, atakupa jibu alilokwishalitoa mara mia. Muulize kwa nini kachagua wimbo ule, utamsikia anamtaja mama yake, chumba walichopanga, msiba uliowapata. Kisha muziki unapigwa, mgeni anavuta pumzi, na mtangazaji anapata muda wa kupanga swali linalofuata.

Vipindi vya mwanzo, enzi za vita, vilisomwa kutoka kwenye karatasi, kwa hiyo tafuta vya miaka ya karibuni. Vinapatikana mtandaoni kama podikasti.

Kama una nusu saa tu hewani, mwombe mgeni nyimbo tatu mapema, na uzisikilize zote kabla hajaingia studio.