Umehamia mji mdogo na mbwa? Wenzako utawakuta buchani

Mleta mada anahamia Mafinga, mkoani Iringa, kikazi akitokea Dar, ana mbwa wawili, na anauliza atawapataje wenzake wanaofuga, maana kule Mbezi alizoea kukutana nao jioni kwenye matembezi. Waliotangulia kujibu wamemwambia atafute klabu. Mkuu, mimi nilihama Dar kwenda Mafinga na mbwa wangu jike, mweusi, chotara wa Jerumani, na nikaishi pale miaka kadhaa. Klabu hakuna. Wafugaji wa mbwa wamejaa, ila hawajitangazi.

Mtu wa Mafinga hatembezi mbwa. Mbwa wake mchana anafungiwa bandani, usiku anafunguliwa alinde, asubuhi anarudishwa. Ukisimama barabarani umeshika mkanda ukingoja mwenzako apite, utasimama sana. Watu hawa utawakuta kule ambako mahitaji ya mbwa yanawapeleka.

Anza na bucha. Chagua moja uwe mteja wake wa kudumu, na uende asubuhi mapema wakati nyama inakatwa na masalia yanatoka. Angalia wanaoulizia mapafu, koo na mifupa iliyokwanguliwa. Ukimwona mtu kaja na ndoo badala ya mfuko, huyo ni wako, msalimie. "Kamwene" tu inatosha kuanzia, hata kama Kihehe chako kinaishia hapo.

Na utani wenyewe utakukuta hapo hapo. Mnajua Wahehe wanavyotaniwa nchi nzima kwamba mbwa kwao ni kitoweo. Basi mimi, mgeni, nimefika mbele ya muuzaji nikasema kwa sauti nipimiwe kilo mbili za nyama ya mbwa. Foleni nzima ikaangua kicheko. Mzee mmoja nyuma yangu akaniuliza, uso mkavu kabisa, "Mwanangu, ya kukaanga au ya mchuzi?" Tukatoka pale pamoja, akanionyesha kwake, ana mbwa wanne wamekaa banda la mbao safi kuliko chumba nilichokuwa nimepanga. Kwa taarifa yenu, wafugaji hodari kuliko wote niliowajua pale ni Wahehe hao hao, na wao ndio wanaousema utani huo kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote. Ukicheka nao umeshapokelewa. Ukinuna, utanunua mapafu yako kimya kimya mpaka siku ya kuhamishwa tena.

Lakini kundi lenyewe hasa nililipata kupitia chanjo, na hapa naomba nieleze kwa kirefu kwa sababu njia hii inafanya kazi mji wowote mdogo, si Mafinga tu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, kwenye maduka ya dawa za mifugo ya miji kama ile, mara nyingi inakuja kwenye kichupa cha dozi 10. Inatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na kichupa kikishatobolewa hakilali. Kwa hiyo ukienda na mbwa mmoja, mwenye duka anaona dozi tisa zikimwagika mbele ya macho yake. Ama hasara aibebe yeye, ama uibebe wewe, ama akwambie uje wiki ijayo. Wengi wanaambiwa wiki ijayo. Wiki ijayo anakuja mwingine naye na mbwa mmoja, naye anaambiwa hivyo hivyo. Mji mzima una watu wanaotaka kuchanja na hakuna anayechanja, kwa sababu tu hawajafika siku moja.

Mimi nilimwuliza mwenye duka, nikikuletea mbwa kumi je? Akacheka, akavuta daftari. Mle ndani alikuwa ameandika wote aliowahi kuwarudisha, majina na namba za simu, wapo wa nyuma ya soko, wa karibu na stendi, walinzi wa yadi za mbao. Akawapigia yeye mwenyewe palepale, mimi nikaongezea mzee wa buchani na majirani wawili, tukapanga Jumamosi. Bwana mifugo wa kata akakubali kuja na sindano zake. Mkuu, siku ile ndiyo nilijua mji ule una mbwa. Wengine waliletwa kwa mnyororo, wengine kwa kamba ya katani, kijana mmoja alimleta wake kwenye toroli akiwa amemfunika koti. Kelele ilikuwa ya kutisha kwa nusu saa ya kwanza. Halafu wenye mbwa wakaanza kuulizana huyu wako ulimtoa wapi, huyu dume unamlisha nini mbona ana manyoya mazuri hivi, na hapo hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako ni huo. Ukifika, usiulize "wenye mbwa wako wapi". Uliza nani anachanja, na ujitolee kukusanya dozi zitimie. Mtu anayekusanya watu kwa shida yao wenyewe hasahauliki. Na uliza pia kama halmashauri ina mpango wowote kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maana sehemu nyingi kampeni za chanjo hupangwa kuizunguka siku hiyo.

Msidhani nalisisitiza hili kwa ajili ya urafiki tu. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linahimiza asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa unakosa pa kupita. Maana yake mbwa wako wawili wenye kadi hawakulindi sana kama wa mtaa mzima hawajachanjwa. Mbwa anaanza kuchanjwa akifika miezi mitatu, kisha unarudia kila mwaka kama bwana mifugo hajakuelekeza vingine. Na mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo, siyo kesho. Lile jambo la kupaka pilipili au mafuta ya taa liacheni.

Tahadhari moja kuhusu mikusanyiko kama hiyo. Ukiwa na mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake nyingine, usimpeleke. Parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu, virusi vyake vinakaa kwenye udongo miezi mingi na vinabebwa hata na kiatu. Jiki iliyochanganywa na maji inaviua kwenye sakafu, lakini uwanja wa mpira huwezi kuumwagia jiki.

Njia nyingine haina maandalizi, inakuja yenyewe. Kama mmoja wa mbwa wako ni jike na hajafungwa kizazi, siku akiingia kwenye joto utawajua madume wote wa mtaa kwa muda wa wiki tatu hivi, na baada ya madume utawajua wenyewe, kwa sababu watakuja kuwatafuta. Mimi nilipata majirani wawili wa kudumu kwa namna hii, mmoja mstaafu wa jeshi ambaye alikuja langoni kwangu saa tatu usiku na tochi, amekasirika, akidhani nimemwiba mbwa wake. Mbwa alikuwa amelala kwenye kibaraza changu. Tulimalizia kwa chai. Baadaye ndiye aliyenifundisha taratibu za pale za kupandisha: mwenye dume hapewi hela, anapewa mtoto mmoja wa kuchagua, na anachagua wa kwanza. Mimba ni kama siku 63, kwa hiyo una miezi miwili ya kujadiliana. Kama hutaki watoto, mfungie ndani kweli kweli, si kumfunga tu kamba nje. Dume la Mafinga linaruka uzio ambao mwizi angeukatia tamaa.

Yadi za mbao nimezigusia. Mji ule unaishi kwa mbao kwa sababu ya msitu wa Sao Hill, na kila yadi ina mlinzi na kila mlinzi ana mbwa. Walinzi hawa ndio wanaojua habari za mbwa wa mji wote: nani ana watoto wa kugawa, wapi pametupwa nyama ya sumu, mbwa wa nani anang'ata bila kubweka. Pita uwasalimie mchana, wakati mbwa wao wamefungwa. Wapelekee mifupa siku moja moja. Mmoja wao, Mwislamu swalihina, alikuwa na mbwa watatu, na aliwapenda kwa adabu zake: bakuli lao mbali, nguo za kazi mbali na za swala, na mate yakimgusa anaosha mara saba, moja kwa udongo. Nimemtaja kwa sababu wageni wengi wanadhani jirani Mwislamu lazima atakuwa adui wa mbwa wao. Anachotaka ni usimpitishie mbwa mwenye manyoya mabichi karibu anapokwenda msikitini, basi. Jipange kwa saa za swala na mtaishi vizuri.

Na hapa nitasema jambo ambalo mleta mada hakuuliza. Watu wa kuwaendea mapema kuliko wote ni wale wasio na mbwa. Nyumba za kulia na kushoto, mwenye duka la pembeni, na mwenyekiti wa mtaa. Nenda bila mbwa, jitambulishe, sema nina mbwa wawili, wamechanjwa, kadi hii hapa, lango nafunga mwenyewe, akitoka nipigie namba hii. Mji mdogo watu watakujua kwa mbwa kabla hawajakujua kwa jina. Mimi nilikuwa "mwenye lile jibwa jeusi" muda mrefu. Ni bora habari ya kwanza waipate kutoka kwako kuliko kutoka kwa mtoto aliyekimbizwa. Isitoshe, likitoka tangazo la kufunga mbwa kwa sababu wazururao watauawa, linapitia kwa mwenyekiti, na mwenyekiti anayekujua atakupigia. Mvishe kola hata kama anakaa ndani siku zote.

Kuhusu kutembea nao, utashangaza watu, watoto watakufuata wakipiga kelele, lakini wanazoea. Saa ndiyo muhimu. Usitoke saa nne usiku wala kabla hapajapambazuka, hizo ni saa za mbwa waliofunguliwa na njia ni yao. Mimi nilitoka saa moja kasoro asubuhi, mabanda yakiwa yameshafungwa. Jiandae na koti, Juni na Julai ile baridi si ya mtu wa Mbezi. Ukipata mwenzako wa kutembea naye, msiwakutanishe mbwa uso kwa uso mkiwa mmevuta kamba. Mmoja atembee upande mmoja wa njia na mwingine upande wa pili, wote mkielekea kule kule, mpaka wachoke kutazamana, kisha mkaribiane polepole. Na ukifika pembezoni mwa msitu, uliza kwanza panaporuhusiwa kupita, hasa kiangazi, kwa sababu moto ukizuka mgeni aliyeonekana akizunguka na mbwa ndiye anayeulizwa.

Baada ya Jumamosi ile ya chanjo tulifungua kundi la WhatsApp. Lilianza kwa ajili ya kukumbushana tarehe, likawa la kila kitu: mbwa aliyepotea, dawa ya kupe iliyoingia dukani, nani anakwenda Iringa. Faida yake kubwa niliiona tulipotaka kufungisha majike vizazi. Hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iko Morogoro, karibu kilomita 400, na mtu mmoja kukodi gari kwa ajili ya mbwa mmoja hata mke wako atakushangaa. Tulichanga watu kadhaa, tukabeba mbwa wote kwa gari moja wakiwa na vyeti vya chanjo. Barabara inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kwa hiyo waacheni wajisaidie kabla ya kuingia, mle ndani hakuna kushusha mbwa.

Swali lako la mwisho, kama chakula cha mifuko kinapatikana: kwa nyakati zangu tuliagiza kutoka Iringa mjini, na si kila mara kilikuwepo. Wengi pale wanapika dona na dagaa, wanachanganya mapafu yaliyochemshwa vizuri, chumvi hawatii. Mbwa wako wa Dar watagoma siku mbili hivi. Uliza saa za bucha ukifika, na ukitaka namba ya mwenye duka la dawa niandikie faragha, nitamwomba ruhusa kwanza.