Maji ya bafuni na mgomba usiozaa

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Maji yakiwa ya mgao, kupanda maua si anasa?" Mimi naishi Mabatini, Mwanza, kule juu kwenye mawe. Bomba likikauka, vijana hutupandishia madumu begani, na kadiri wanavyopanda mlima ndivyo na bei inavyopanda. Kwa hiyo swali lenu limenigusa penyewe. Jibu langu ni kwamba maua yangu hayajawahi kunywa tone la maji ya dumu. Yanakunywa maji tuliyokwisha kuyaoga.

Wala haikuwa akili yangu. Mwaka 2019 nilinunua miche miwili kwa muuza miche wa kando ya barabara, akaniapia kuwa ni ua liitwalo ndege wa peponi. Mmoja nikaupanda mbele ya mlango, kwenye jua kali, maana ndege wa peponi hupenda jua. Ukadumaa. Upepo wa ziwani ukayachana majani yake, kingo zikakauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Wa pili sikuwa na pa kuuweka, nikauchomeka nyuma ya nyumba kwenye ufa wa majabali mawili, pale bomba la bafu linapomwaga. Baada ya masika mbili ulikuwa umenipita urefu.

Mzee mmoja jirani, Msukuma wa Magu, kila akipita alikuwa anachungulia na kuniuliza, "Mayu, mgomba huu utazaa lini?" Nami namjibu ungoje, baba, utazaa tu. Kumbe hakuwa mbali na ukweli. Ulipotoa ua jekundu nikaenda kuulizia kwa watu wanaojua, nikaambiwa hiyo ni helikonia. Ndege wa peponi kwao ni Afrika Kusini. Helikonia nyingi zimetoka nchi za joto za Amerika, na ni ndugu wa mgomba kweli, wa ukoo mmoja na tangawizi, iliki na manjano. Sikurudi kumdai yule muuzaji. Alinidanganya kwa faida yangu.

Ua lenyewe linataka utulie ulitazame. Vile vyekundu tunavyovisifu si maua, ni majani yaliyojigeuza, yamekunjwa kama mitumbwi na kupangwa kulia na kushoto kwenye bua moja. Maua hasa yamejificha ndani ya mitumbwi hiyo: vijiti vya kijani na manjano, vyembamba kama njiti za kiberiti, vinachungulia ukingoni. Huko kwao huchavushwa na vile vindege vinavyoelea hewani kama nyuki, ambavyo Afrika hatuna. Hapa kwetu anakuja ndege mdogo aitwaye chozi. Yeye kuelea hakuwezi kwa muda mrefu, basi anatua ukingoni mwa mtumbwi, anazamisha mdomo, anatikisa mkia, anahamia wa juu yake. Nimeshachelewa kazini kwa ajili yake zaidi ya mara moja, mswaki mdomoni.

Ubaya wake ni kwamba mitumbwi hiyo inashika maji ya mvua. Jirani yangu mwingine ni nesi. Jioni moja akaja na tochi ya simu, akamulika ndani, akasema, "Mwalimu, wewe unafuga mbu." Nikaangalia: viluwiluwi vinajipinda humo ndani, vinapanda na kushuka. Niliona aibu. Tangu siku hiyo, wakati wa mvua, kila baada ya siku mbili nainamisha kila bua na kumwaga maji yake, na karibu na dirisha nimepanda ile aina inayoning'inia kichwa chini, nyekundu yenye ncha za manjano. Ile haishiki maji.

Matunzo si mengi. Sabuni ya kuogea haijaidhuru, ila maji yenye jiki tunayamwaga kwingine. Udongo wetu huku juu ni changarawe ya mawe yaliyochakaa, haukai na maji, hivyo naujazia samadi, na Usukumani samadi si kitu cha kutafuta kwa tochi. Kuanzia Juni mpaka Agosti nafunika shina kwa majani makavu. Kitu ambacho wengi hukosea ni kisu: shina la helikonia huchanua mara moja tu, basi likishamaliza likate hadi chini, machipukizi yapate nafasi. Ukilionea huruma utafuga kichaka. Na ukikata ua la kuweka mezani, subiri mitumbwi miwili mitatu iwe imeshafunguka, kwa sababu ikishakatwa iliyofumba haifunguki tena.

Pembeni yake nina tangawizi nyeupe. Hii si ya chai. Imepandwa kwa ajili ya harufu tu, na hunukia zaidi jua likizama. Shemeji yangu wa Tanga anasema ni asmini iliyokunywa maji mengi. Amepatia, maana bila maji haitoi kitu.

Na hapo kwenye kupenda maji ndipo nina neno kwa watu wa ziwani. Gugu maji nalo ni la Amerika ya Kusini, nalo lilisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana katika Ziwa Victoria, na wavuvi wanajua yaliyofuata. Tangawizi nyeupe imeshakuwa magugu kwenye kingo za mito ya nchi nyingine. Kwa hiyo mizizi ninayoipunguza naianika juu ya jabali mpaka ikauke kabisa. Mto Mirongo uko chini yetu hapa na unaingia ziwani moja kwa moja. Sitaki kipande changu kielee huko.

Mzee wa Magu bado anadai ndizi zake. Yule nesi alikuja mwezi uliopita kuomba chipukizi. Nilimpa la ile inayoning'inia, akalikataa, akataka la mitumbwi iliyosimama. Amelipanda kwenye bomba la bafu lake, na tochi yake anayo.

Msomaji wenu, Mabatini, Mwanza