Vyeti kwanza, jina baadaye

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mwalimu mkuu aliyefaulisha watoto wengi na kuumiza wengine anastahili jengo la shule lipewe jina lake. Kwangu swali hili limekuja wakati wake. Shule ya kibinafsi niliyosomea hapa kisiwani Mombasa inataka kuupa ukumbi wake mpya jina la mwanzilishi, marehemu sasa, na sisi wanafunzi wake wa zamani hatusikilizani.

Wanaomsifu hawasemi uongo. Mwalimu alianzia nyumba ya kukodi. Enzi hizo KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulikuwa wa alama 500 na kila mzazi aliota mtoto wake apite 400. Magazeti yalichapisha orodha ya shule bora, mpaka serikali ilipoikomesha mwaka 2014, na shule ya kibinafsi isiyoonekana humo ilikimbiwa na wazazi. Yeye alituingiza humo. Watoto wa makuli wa bandarini na wa kina mama wanaouza mahamri walikwenda shule za kitaifa, zile sekondari za serikali zinazochukua waliofaulu zaidi, kwa mkono wake. Alifika hata majumbani kwa watu jioni, akawasihi wazee wasiwaoze mabinti waliofaulu. Baadhi ya mabinti hao leo ni wauguzi na mawakili, na wakimlilia nawaelewa kabisa.

Lakini alichapa. Alisimama langoni na bakora, na waliovuka kutoka Likoni walichapwa feri ikichelewa, kana kwamba wao ndio manahodha. Watetezi wake husema zama zake zilikuwa hivyo. Hapana. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na mimi niliingia darasa la kwanza baada ya hapo. Katiba ya 2010 ikarudia katazo hilo, kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Mwalimu aliyajua hayo yote, na bakora haikutoka mkononi.

Hata hivyo, kinachonikera zaidi ni kabati la ofisini kwake. Aliyemaliza darasa la nane akiwa na deni la karo hakupewa cheti chake. Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja alifaulu vizuri, baba yake akaugua, deni likabaki. Kidato cha kwanza aliingia kwa karatasi ya matokeo tu. Miaka ikapita, na kila alikoomba kazi akatakiwa cheti halisi. Alirudi shuleni kukiomba, akaambiwa alipe kwanza. Sasa angelipa na nini, na kazi yenyewe ndiyo hiyo anayoikosa?

Najua walimu walisubiri mishahara, na karo isipoingia shule haiendi. Deni ni deni, ila mdaiwa ni mzazi, naye angeweza kushtakiwa. Cheti ni cha mtoto. Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 inasema wazi kwamba mtu yeyote au taasisi yoyote haina ruhusa ya kumzuilia mtahiniwa cheti chake. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini vyeti vingine bado vimo kabatini, na wenyewe ni watu wazima wenye watoto.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba jina lisubiri. Kamati ya shule ilifungue kabati, itangaze redioni jina la shule na miaka ya vyeti vilivyomo, iwape watu vyeti vyao bila kuwadai hata senti. Kisha iwaite kwenye mkutano pamoja na wale waliokwenda shule za kitaifa, nao wapewe nafasi ya kusema na kupiga kura kama wengine. Wakikubali ukumbi uitwe kwa jina la Mwalimu, nami nitachanga pesa za kibao.

Msomaji, Tudor, Mombasa