Nusu saa ya Kariakoo

Mmeuliza wiki hii: "Mtaani kwenu, mtu atapata wapi donati nzuri na kahawa nzuri?" Mimi ni karani wa duka la vitenge Kariakoo, mwaka wa kumi na moja sasa, na kabla sijawatajia kona yoyote, niambieni kwanza mtakuja saa ngapi. Donati nzuri ipo. Kahawa nzuri ipo. Shida ni kwamba haziuzwi na mtu mmoja wala hazitoki wakati mmoja. Mama wa donati anafika alfajiri na kumaliza kabla maduka hayajafunguliwa, ilhali wauza kahawa wengi hutoka alasiri, watu wakianza kufunga hesabu, wakakaa hadi usiku.

Mwaka wa kwanza nilijifanya mjanja. Nanunua donati asubuhi, naificha kwenye droo ya kaunta, nasubiri kahawa ya saa kumi. Wapi! Joto la Dar na unyevunyevu wa bahari havina huruma na sukari. Ikifika saa sita mchana ile sukari ya juu imetoa jasho, imekuwa maji, na donati ina ngozi kama ya mkono uliofua tangu asubuhi. Andazi lingevumilia. Andazi hata la jana ukilichovya kwenye chai lina heshima yake. Donati haina subira hiyo.

Kwa hiyo nianze nayo, maana hapo ndipo wengi hudanganywa na ukubwa au na chokoleti. Ishike, igeuze ubavu, uitazame kiunoni. Ikiwa na mkanda mweupe unaoizunguka, kahawia juu na kahawia chini, ujue iliumuka ikawa nyepesi, ikaelea kwenye mafuta nusu nje nusu ndani, kisha ikageuzwa upande wa pili. Isiyo na mkanda huenda ilikuwa nzito, na nzito hunywa mafuta. Halafu inuse. Karai lililokaanga samaki jana halifichiki. Mwisho ibonyeze kidogo kwa kidole uone kama inarudi. (Muuzaji atanung'unika. Mwambie umeshainunua.)

Mama ninayenunua kwake simtaji jina, ana wateja wa kutosha. Anakanda saa tisa usiku: unga, hamira, maziwa, yai, siagi kidogo na kungumanga ya kukwaruza. Kwa joto letu unga unaumuka upesi, moto wa mkaa nao ukitafuta nguvu. Anakata duara kwa glasi na tundu kwa kizibo cha soda. Siku moja nilimuuliza hilo tundu la nini, kwa nini asituachie hiyo nyama ya katikati tukala. Akacheka: "Mdogo wangu, bila tundu nje itaungua na ndani bado uji." Akishazitoa anazipanga kwenye beseni na kuzifunika kitambaa. Wenye ndoo ya plastiki na mfuniko wanaonekana wasafi zaidi, lakini humo mvuke hauna pa kutokea, na donati inakuwa kama imepikwa kwa maji.

Soko kuu lilipoungua Julai 2021, watu wa upande ule walitawanyika, naye akanipotea. Nilikaa miezi nikila mikate. Nilikuja kumwona tena kwa bahati tu, siku niliposhuka mwendokasi kituo kisicho changu, nikakuta foleni ya makonda na wabeba mizigo mbele ya beseni ninalolijua.

Sasa kahawa. Hapa kwetu ni kahawa chungu: buni zilizokaangwa hadi zikawa nyeusi, zikatwangwa, zikatiwa tangawizi, zikachemshwa kwenye dele lililokaa juu ya jiko lake la mkaa. Kikombe ni cha mafunda matatu na sukari hakina, ndiyo maana kuna kashata pembeni. Nchi inalima arabika Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga, inalima robusta Kagera, sehemu kubwa inapanda meli, na wewe ukiagiza kahawa mgahawani unaletewa chupa ya maji ya moto na kopo la kahawa ya kuyeyuka. Sina ugomvi na kopo, nyumbani tunainywa na maziwa. Ila donati yenye siagi inataka uchungu wa kuisafisha mdomoni, na kwa kazi hiyo sijaona mpinzani wa dele. Sharti lisiwe dele la tangu adhuhuri, linaloongezwa maji tu. Hilo hunuka majivu.

Kule Posta kuna kahawa za mashine, na nzuri. Lakini donati zao zimekaa chini ya kioo na taa, na taa haifufui donati ya jana.

Dawa niliipata kwa wapakuzi wa mizigo. Malori yanashusha usiku, na kwa ajili yao wapo wazee wachache wanaoleta dele mara tu baada ya swala ya alfajiri. Ninayemjua mimi huondoka saa kumi na mbili na nusu. Mama anaanza kuuza saa kumi na mbili. Kati yao kuna mitaa minne. Jina Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, basi nami kila asubuhi ni mpagazi: donati kwenye bahasha ya kaki, mwendo wa haraka, kuelekea kwenye dele.

Vijiwe vya kahawa ni vya wanaume, sitawaficha. Siku ya kwanza ubishi wa Simba na Yanga ulinyamaza ghafla.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kashata imekukosea nini?"

Wakacheka wote, nikapewa nafasi kwenye benchi.

Ramadhani mambo hugeuka: mama anakaanga jioni, kahawa inatoka baada ya tarawehe, na nusu saa yangu inakuwa usiku mzima. Miezi mingine fikeni mapema, na Jumapili msije kabisa, mama anapumzika. Mkija, nunueni nne. Mzee anaicheka donati lakini ya kwake lazima iwepo, na jirani yake wa Yanga hakawii kunyoosha mkono.